Maharagwe Yenye Moshi wa Kifuu

Wenzangu wa kazini hunipigia simu wakifika mji wasioujua. "Dada, niko Kakamega. Nile wapi?" Nami huwaambia wasiulize mapokezi pale wanapolala, maana watapelekwa kwa shemeji wa mtu. Wamuulize muuguzi anayetoka zamu, au mlinzi wa benki. Wakifika hotelini watazame kama mwenyewe anakula chakula kile kile anachowauzia watu. Kisha waagize kitu cha kawaida, maharagwe au mchicha. Nyama hata mpishi mvivu anaweza kuificha ndani ya viungo.

Wananisifu kwamba najua kula. Kazi yangu ni kuuza dawa kwenye hospitali, na imenizungusha Nakuru, Kisumu, Nyeri, Garissa, mara moja moja hata Tanga na Arusha. Sijawahi kuwaambia kwamba hayo yote nilijifunza nikimtafuta mdogo wangu.

Tumezaliwa wawili tu, Kisauni, na mama yetu alikuwa mpishi wa harusi. Baba alifariki tukiwa wadogo. Mimi sikuwahi kupenda jikoni, lakini mdogo wangu alisimama ubavuni mwa mama tangu kimo chake kinalingana na sufuria. Alitumia mkono wa kushoto. Akina mama waliokuja kusaidia upishi walinung'unika kumwona akikoroga pilau la watu kwa mkono ule, na mama akawajibu, "Mwacheni. Aliyempa mkono ndiye Aliyempa mapishi."

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho sijakikuta kwa mpishi mwingine wa pwani. Maharagwe ya nazi yakishaiva, mama alichoma kifuu cha nazi mpaka kikawa kaa jekundu, akakiweka ndani ya kibakuli cha bati katikati ya sufuria, akakidondoshea samli na kufunika haraka. Moshi ulibaki humo. Wapo wanaofanya hivyo kwa biriani. Kwa maharagwe, ilikuwa nyumba yetu tu.

Mdogo wangu alikua akawa mpishi wa hoteli ya ufukweni. Hoteli ilipofungwa wakati wa korona, alianza kupika chakula cha mchana nyumbani na kuwapelekea wavunja mawe wa machimbo ya Mwakirunge. Walimpenda. Siku moja aliondoka na vyungu vyake kama kawaida, akawagawia wale watu chakula, akaacha vyungu kwa mama mmoja anayeuza maji pale machimboni, akamwambia, "Nakuja." Hakurudi. Simu yake ikawa haipatikani.

Tulikwenda kituo cha polisi, tukaenda hospitali, tukaenda na kule kwingine ambako mtu huenda akiomba asimwone anayemtafuta. Hatukumwona. Mtaani watu waliteta mambo mawili. Wengine walisema amechukuliwa na askari wasiovaa sare, kama wanavyosema Kisauni kijana asipoonekana. Wengine walisema amekwenda mwenyewe, kujiunga na wapiganaji. Walipotuona walinyamaza, na kunyamaza kwao kuliniuma kuliko maneno yenyewe.

Kisha mtu akaleta habari kwamba amemwona Likoni, anapika kwenye hoteli ndogo huko Bofu. Mimi na mama tukavuka feri asubuhi ile ile. Hoteli ilikuwa ya mabati, jiko limefichwa nyuma ya pazia. Nilitaka kuingia moja kwa moja. Mama akanishika mkono.

"Kaa chini," akasema. "Tuagize maharagwe."

Yaliletwa. Mama akachota kijiko kimoja, akafumba macho, akameza. Akakiweka kijiko mezani polepole.

"Siye. Twende zetu."

Hakulitazama pazia. Mimi nilichungulia, nikamwona kijana mrefu nisiyemjua, amefanana na mdogo wangu kisogo tu.

Kuanzia siku hiyo, kila nikijitayarisha kwa safari, mama alinambia, "Huko wendako, usile chumbani. Ule hotelini, mwanangu." Nikirudi alinikalisha kabla sijavua viatu. "Haya, nambia. Umekula nini?" Nilimwelezea sahani moja baada ya nyingine. Samaki wa Kisumu na nyanya zake, nyama ya mbuzi ya Garissa, mukimo wa Nyeri. Alisikiliza kwa makini kama anayesikiliza habari za mgonjwa. Nikimaliza alisema, "Haya, alhamdulillahi," akainuka. Yeye mwenyewe hakuchoma tena kifuu. Maharagwe ya nyumbani kwetu yakawa maharagwe kama ya mtu yeyote.

Nami nikazoea kukaa nikitazama kidirisha cha jikoni, pale sahani zinapopitishwa. Mkono wa kushoto ukitokeza na sahani, nilirefusha shingo. Mara nyingine nilisimama kabisa, mhudumu akadhani nadai kitu. Katika kila mji nilikuta mtu mwenye mabega yake, au mwenye kikohozi chake. Usiku sikumwota kamwe. Nilimwona mchana, hotelini, kati ya watu wanaokula.

Kitale nilifika siku ya mvua na baridi. Muuguzi mmoja wa hospitali niliyopeleka dawa alinielekeza hoteli iliyo nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Nilikaa karibu na mlango, nikaagiza maharagwe na chapati.

Harufu ilinifikia kabla ya sahani. Nilijiambia ni moshi wa kuni. Nikala. Ilikuwa nazi, ilikuwa iliki kidogo, na nyuma yake ukaja ule moshi mtamu wa kifuu, umekaa mwisho wa ulimi palepale ulipokuwa ukikaa nilipokuwa mtoto. Watu wa meza ya pili waliendelea kuzungumza habari za mbolea, nami nikawa nasikia sufuria ya mama ikifunikwa.

Nilimwomba mhudumu nimwone mpishi. Akanipeleka nyuma. Pale jikoni alikuwapo mwanamke wa makamo, mwenyeji wa huko huko, amejifunga leso kiunoni. Kwenye rafu juu ya kichwa chake vilipangwa vifuu vya nazi, vimekauka vizuri.

"Kuna shida na chakula, madam?" akauliza.

"Hakuna shida. Nani alikufunza kupika maharagwe hivi?"

"Ni mtu wa Mombasa. Alikuwa anafanya kazi hapa."

"Yuko wapi?"

"Alienda. Kabla ya watu kuvuna mahindi."

Nilimwonyesha picha kwenye simu. Alijifuta mikono, akaishika simu, akaitazama kwa muda mrefu huku mvua ikipiga mabati.

"Huyu ni mnene," akasema. "Yule alikuwa amekonda. Na alikuwa na ndevu. Sijui, madam, siwezi kukudanganya."

"Tazama macho."

"Macho sikuwa naangalia sana. Nilikuwa naangalia mikono, ndio nijifunze." Akanirudishia simu, akasema, "Alikuwa anakata vitunguu na mkono wa kushoto."

Nilikaa juu ya gunia la viazi. Alinipa maji nikanywa. Alinieleza kwamba mtu huyo alikuja mwenyewe kuomba kazi, hakuwa mlevi, hakuwa na maneno mengi, na jina alilowapa halikuwa jina la mdogo wangu. Alilala chumba cha nyuma. Siku moja alipanda lori lililokuwa likielekea mpakani, akaaga kila mtu vizuri, akasema baridi imemshinda.

"Hakuzungumza habari za kwao?"

"Nilimuuliza mara moja. Nilimwambia, wewe kijana, mama yako hakutafuti? Akasema mama yake alikufa. Sasa mtu akikwambia hivyo, huwezi kuuliza tena."

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu. Njia nzima niliyapanga maneno nitakayomwambia mama na yale nitakayoyaficha. Nilipofungua mlango alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula nini?"

"Maharagwe," nikasema. "Yalikuwa na moshi."

Alivuta mtandio wake, akaurekebisha kichwani kana kwamba mgeni ameingia.

"Yupo?"

"Alikuwapo. Ameshaondoka."

"Mzima?"

"Mzima. Amekonda kidogo."

"Alinitaja?"

Hapo maneno yangu yote niliyoyapanga yalinitoka. Mama alikuwa akinitazama usoni, na mimi sijawahi kumdanganya akinitazama hivyo. Nikamwambia. Nilimwambia kwamba mwanawe huko aliko husema mama yake amekufa.

Nilitarajia kilio. Midomo yake ilicheza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Basi ananiombea dua. Mama akiwa hai, kijana husahau. Akiwa amekufa, humwombea kila siku." Akainuka kwenda kutawadha, ilhali adhana ilikuwa bado.

Siku zilizofuata ziliniogopesha. Mama alitembea nyumbani bila kishindo, akazungumza kidogo, akawa anapitia vitu vyake kabatini na kuvikunja upya. Jirani akimwita uani hakuitika mpaka aitwe tena. Niliona kama ameupokea ule msiba wake mwenyewe na anauheshimu. Mwishowe nilimwambia, "Mama, twende Kitale." Akaitikia pale pale, kama aliyekuwa akisubiri kuulizwa.

Tuliingia kwa yule mpishi asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuja. Nilimsalimu, nikasema, "Huyu ni mama yake." Mwanamke yule alirudi nyuma hatua, upawa ukamponyoka mkononi ukaanguka sakafuni.

"Lakini alisema…"

"Najua alivyosema," mama akamjibu. "Nipa kijiko, mwanangu."

Alionja maharagwe yaliyokuwa jikoni. Alisema chumvi imezidi na kaa limekaa mno, lilitakiwa litolewe mapema kabla halijatia uchungu. Akaomba kifuu, akakichoma mwenyewe, na yule mpishi akasimama karibu yake akitazama mikono. Kisha mama akatoka, akakaa kwenye meza inayotazama mlango. Alikaa hapo mchana kutwa. Kila mwanamume aliyeingia, mama alimtazama usoni, akamsalimu, "Hujambo, baba," na wote waliitikia kwa heshima wala hawakujua kwa nini wanasalimiwa. Hakula. Hoteli ilipokaribia kufungwa alimwambia mpishi, "Akirudi, mwambie mimi ni hai. Mwambie niko Kisauni, nyumba ni ile ile." Nilimwachia mpishi nambari yangu, tukarudi pwani.

Miezi mingi baadaye, nikiwa hospitali moja ya Changamwe, yule mpishi alinipigia. Alisema kuna mtu amepiga simu hotelini kwa nambari ya nchi nyingine. Aliuliza tu kama bado wanatumia vifuu. Mpishi aliitambua sauti.

"Nikamwambia, mama yako alikuja hapa. Alikaa pale mbele siku nzima. Nilikuwa nasikia akipumua. Halafu akauliza, alikuwa amevaa nini?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia, buibui, na mtandio wa rangi ya samawati. Simu ikakatika."

Mpishi alinitumia ile nambari, nami nimeipiga mara nyingi. Haijawahi kupokewa, na sasa haiiti kabisa.

Nilikwenda nyumbani moja kwa moja nikamweleza mama, neno kwa neno. Alinitaka nirudie lile swali la nguo. Nikalirudia. Akaingia chumbani, akalala katikati ya mchana, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu vyungu vya mdogo wangu viliporudishwa kutoka Mwakirunge. Nilikaa ukumbini nikisikiliza pumzi zake zikipanda na kushuka. Alipoamka jua lilikuwa limeinama, akaniuliza kama nina njaa, nami nikamwambia ninayo.