Mkono Nilioonyesha

Harufu ya miwa inayochemshwa hunirudisha utotoni hadi leo. Baba alifanya kazi kiwandani Ramisi, na harufu hiyo ilikuwa imeganda kwenye kanzu yake asubuhi ile, miaka ya hamsini, alipokuja Msambweni kunidai kwa mama. Walikuwa wameachana tangu masika. Sheria tuliyoijua ilikuwa hivi: mtoto mdogo hukaa na mama yake, akishapata akili ya kupambanua mambo, huulizwa mwenyewe. Nyumbani kwa shehe tulikalishwa mkekani, mimi katikati ya wazazi wangu, majirani wamejaa mlangoni. Wahenga husema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Mimi nilikuwa nyasi niliyetakiwa kumchagua fahali, tena mbele yao wote. Niliogopa sana.

Shehe alianza kwa kunipima akili. "Mwanangu, nionyeshe mkono unaolia wali." Nikawaza: nikionekana sijui kitu, sitaulizwa, na hakuna atakayeumia kwa neno langu. Nikanyoosha wa kushoto. Watu wakaangua kicheko. Mama akashusha pumzi. Baba hakucheka. "Shehe, mtoto huyu alijua kutawadha kabla ya wenzake," alisema polepole. "Hiyo ni hofu tu."

Shehe akanitazama, kisha akawatoa wote nje, wazazi na majirani, akafunga mlango. Hapo niliogopa zaidi, nikidhani nitachapwa kwa uongo wangu. "Hakuna akusikiaye ila mimi na Mola wako," akasema. "Wataka kukaa wapi?" Nikamwambia: kwa mama. Kisha nikalia, nikamsihi asimwambie baba. "Sina budi kumwambia," alinijibu, "lakini yatatoka kinywani mwangu, si mwako. Na kila Ijumaa utakwenda kumwamkia."

Siku hizi redioni wanasema mtoto ana haki ya kusikizwa, nami nafurahi kwa moyo wote. Ila mwaka jana mwanangu na mkewe walipotengana, walimsimamisha mjukuu wangu sebuleni, katikati yao, shangazi na wajomba wakimkodolea macho. "Sema, uko huru," wakamwambia. Mtoto akanitazama mimi. Niliinuka nikawafukuza wote nje, wakatoka huku wakinung'unika kwamba mimi ni mtu wa zamani, sijui haki za watoto. Nikaketi naye sakafuni, nikangoja. Adhana ya alasiri ilikwisha kabla hajafungua mdomo, na alipoufungua, neno lake la kwanza lilikuwa, "Bibi, baba atalia?"