Mabega Niliyoyajenga kwa Hasira

Mimi si mtu wa kusahau. Mama alikuwa akisema, huyu mwanangu hata mbu aliyemuuma jana anamjua kwa sura. Alisema kwa mzaha, lakini hakukosea.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilifanya kazi katika duka la vitambaa, si mbali na Mji wa Kale tulikokaa. Kazi yangu ilikuwa kupandisha majora rafu ya juu na kuyashusha mteja akitaka kuona. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mrefu, mwembamba, na mabega hayana hata dalili. Jioni nikitoka kazini nilikwenda kwenye ua mmoja nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, hatua chache kutoka Ngome ya Yesu, ambako vijana wa mtaa tulikuwa tukinyanyua uzito. Usifikirie mashine. Tulikuwa na vipande vya reli, gia za malori, na makopo ya rangi yaliyojazwa saruji na kutiwa bomba katikati.

Mfalme wa ua ule alikuwa bingwa wetu. Miaka mitatu mfululizo alikuwa ameshinda shindano la kutunisha misuli katika ukumbi wa Tononoka, na hapana aliyegusa chuma kabla yake. Siku moja nikajikaza, nikamwomba anifundishe mabega. Akanitazama juu chini mbele ya wote.

"Wewe huvai shati, shati ndilo lakuvaa wewe," akasema. Watu wakacheka. "Wataka mabega? Weka chuma nyuma ya shingo, sukuma juu. Ukikiona chepesi, ongeza. Kikikuuma, ongeza."

Nikaongeza. Wiki ya sita, chuma kikiwa nyuma ya kisogo, kitu kililia ndani ya bega la kulia na mkono ukafa ganzi. Chuma kikaanguka, mimi nikakaa chini. Bingwa hakuinuka hata pale alipokuwa ameketi. "Kakande mahamri na mamako," akaniambia.

Bega lile lilinitoa kazini. Jora siwezi kulipandisha, nifanye nini dukani? Tajiri alinivumilia mwezi mzima, kisha akaniambia nikapumzike nyumbani mpaka nipoe. Niliporudi nikakuta mwengine juu ya ngazi. Nilikaa barazani wiki nyingi nikimlaani bingwa kwa kila nililojua, maana nilikuwa na hakika alinivunja makusudi, apate kucheka. Nikaapa nitamvua ubingwa wake pale pale Tononoka, watu wake wote wakitazama. Wahenga walisema akutendaye mtende, nami sikuwa na haja ya methali nyingine.

Dawa niliipata kwa kosa la adabu. Mama alinituma sukari kwa Mhindi mmoja mtu mzima, Muislamu wa asili ya Kachi huko India, mwenye duka pembeni mwa mtaa wetu. Akanipa kifurushi, nami nikakipokea kwa mkono wa kushoto. Kwetu hiyo ni adabu mbovu, na yeye alinijua tangu nikitambaa.

"Mkono gani huo, mwanangu?"

Nikamweleza. Akatoka nyuma ya meza, akalibonyeza bega langu kwa dole gumba, akaniambia ujanani alicheza mieleka, na kwao mtu hapewi uzito mkubwa kabla hajamaliza mdogo. Kwanza nipumzike mpaka maumivu yaishe. Kisha akanikabidhi mawe mawili ya mizani yake ya zamani, ya nusu kilo kila moja.

Nikaona ananitania. Nusu kilo? Lakini nilipoanza, nilitoka jasho. Mikono ubavuni, niiinue kando polepole, viwiko vikitangulia, mpaka usawa wa bega na si zaidi, kisha niishushe polepole zaidi. Halafu niiname kiunoni, niinue mikono nyuma kama kuku anayetaka kuruka, kwa sababu bega lina nyuma pia, na watu wote wa ule ua walijenga la mbele tu, linaloonekana kwenye kioo. Mwisho, niketi mgongo ukutani, nisukume juu kutoka kidevuni. Nyuma ya shingo, alisema, pana kisogo tu, usipeleke chuma huko.

Nilipopata nguvu mzee akaniruhusu vyuma vya kweli, nikarudi uani na mawe yangu. "Leo twapima sukari au mchele?" bingwa akauliza. Nikacheka nao. Kila jiwe nililoinua nililiinua kwa jina lake. Nusu kilo ikawa kilo, kilo ikawa mbili, na kusukuma juu nikafika kwenye gia za lori. Miaka miwili.

Siku ya Tononoka, tulipoambiwa tuinue mikono, mkono wa kulia wa bingwa uliishia njiani. Akaficha kwa tabasamu. Kisha waamuzi wakasema geukeni, na hapo mambo yakaisha. Mgongo wangu ulikuwa na mabega, wake ulikuwa na ngozi. Nilisikia jina langu likitajwa kuwa la mshindi, nikasikia ukumbi ukivuma, na sikumtazama mtu ila yeye. Wallahi nilifurahi.

Nyuma ya pazia alinijia, shati mkononi. Nilikuwa na maneno niliyoyatayarisha miaka miwili. Akaniwahi.

"Ndugu yangu, nisaidie kuvaa. Mkono hauendi."

Nikamvisha. Chini ya kiganja changu nilisikia bega lake likisaga, vile vile lilivyosaga langu. Nikamuuliza tangu lini.

"Mwaka wa tatu huu. Likiuma naongeza uzito, lakini halikubali."

Basi hakuwa amenihadaa. Alinipa alichokuwa nacho, hicho hicho kilichokuwa kikimla mwenyewe. Nilifunga vifungo vyake kimoja kimoja nikiwa na habari hiyo.

"Na wewe wafanyaje?" akaniuliza kwa upole, bila mzaha.

Ningeweza kumwambia kwa pumzi moja. Nikasema, "Ni Mungu tu, kaka." Akasema alhamdulillahi, akanishukuru.

Miaka michache baadaye nilisimama kando yake msikitini, sala ya alasiri, safu moja, bega kwa bega kama inavyotakiwa. Imamu alipotoa takbira, sote tukainua mikono usawa wa masikio. Ya bingwa wa zamani ilifika kifuani tu, yote miwili, ikashuka. Sikumbuki nilisoma nini katika sala ile. Tulipotoa salamu alinigeukia kwa bashasha, akaniuliza hali ya mama, nami nikamjibu kuwa hajambo.