Ngege wa Somo la Meso

Wacha nicheke kwanza, ndipo na nyinyi mnicheke. Mimi ni mwalimu wa kemia hapa Nyamasaria, na juzi mkaguzi alikuja kunitazama nikifundisha. Nilikuwa nawania ukuu wa idara! Somo lilikuwa meso, yaani katikati: mesofili katikati ya jani, mesosfia katikati ya tabaka za hewa, na molekuli za meso, ambazo nusu moja ni kama sura ya nyingine kwenye kioo. Nikajiona bingwa: nitampasua samaki mbele ya wanafunzi, waone pande zake zinavyofanana! Asubuhi nikanunua ngege mbichi, mnono, pale Dunga, nikamkabidhi mpishi wetu, Mama Akinyi.

“Mgeni akifika, niletee huyu samaki darasani.”

“Sawa, mwalimu. Usijali kabisa.”

Kipindi kilinoga! Mama Akinyi alipoingia na sinia iliyofunikwa, nikainua kisu. “Sasa mtaiona meso kwa macho yenu!” Nikafunua kwa madaha.

Ngege alikuwa amekaangwa, amelala kwenye mchuzi wa nyanya, ugali ukifuka mvuke kando yake.

Mkaguzi akaweka kalamu chini, akakunja mikono ya shati.

“Asante sana, mwalimu. Maji ya kunawa yako wapi?”