Tulidhani ni Babu

Simu ya fundi viatu iliingia nikiwa dukani, nampimia mteja misumari. Ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, na si mtu wa kupiga simu mchana.

"Mwanangu, njoo nyumbani. Tumepata msiba."

"Babu?"

"Babu yako yupo. Ni shangazi yako. Alikwenda bombani kuchota maji, akaanguka palepale."

Nilikaa juu ya mfuko wa saruji. Mteja akaondoka kimyakimya, misumari akaiacha kwenye mizani.

Wakati huo baba mkubwa, aliyesikia neno msiba tu, alikwisha kutangaza kwenye kundi la simu la ukoo kwamba mzee wetu ametutoka. Pole zikamiminika. Nilipofika, babu, ambaye hajanyanyuka kitandani tangu apigwe na kiharusi, alikuwa macho, anatazama mlango, huku nusu ya ukoo ikimwombea pumziko jema. Siku nyingine ningecheka. Wala siwalaumu. Sote tulikuwa tumejiandaa kwa kifo cha babu. Cha shangazi hakuna aliyekifikiria.

Shangazi alikuwa fundi cherehani. Zamani alikuwa na kibanda sokoni. Babu alipougua, shangazi aliihamishia cherehani chumbani kwa mzee, chini ya dirisha, akawa anawahudumia wateja kupitia dirishani. Mteja akiwa katikati ya kueleza mshono anaoutaka, shangazi husema, "Dakika moja," akaenda kumgeuza babu, akamfuta, akamnywesha uji, kisha akarudi na tepu shingoni. Mtaa mzima ukamwita Dakika Moja.

"Dakika Moja, gauni langu limefika wapi?"

"Limefika kwenye kola."

"Si hata wiki iliyopita lilikuwa kwenye kola?"

"Basi limetulia. Wewe unataka gauni linalohangaika?"

Mimi nilimpokea zamu jioni nikitoka dukani. Ndugu wengine walituma salamu, na mtu akiwauliza shangazi anafanya kazi gani, walijibu kwamba yuko nyumbani tu. Lakini fundi viatu aliona. Kila Jumapili asubuhi alikuja na redio yake ndogo, akakaa na babu ili shangazi aende kanisani kuimba. Hakuna aliyemwomba. "Nenda kaimbe," alimwambia. "Mimi na mzee tuna mambo yetu." Shangazi alirudi uso umekunjuka, akashona mchana kutwa akiimba. Naamini Mungu ndiye aliyemtuma jirani huyo.

Sasa hakuna aliyethubutu kumwambia babu. Nikakaa kando yake, nikamshika ule mkono mzima.

"Babu, shangazi ametangulia kwa Bwana."

Alifumba macho. Machozi yakamtiririka kuelekea masikioni, nikayafuta. Baadaye akasema kwa ulimi wake mzito, "Nipelekeni. Nikamuage."

Baba mkubwa alipofika hakutaka hata kusikia.

"Haiwezekani! Mzee hakai, hasimami. Mnataka tuzike wawili?"

"Ameomba mwenyewe, baba mkubwa."

"Ameomba kwa mdomo gani? Mimi sijamsikia akitamka neno tangu augue."

"Anatamka, kaka," fundi viatu alisema kutoka mlangoni. "Polepole tu, anataka mtu asiye na haraka. Mimi kila Jumapili ananitukana vizuri kabisa."

Baba mkubwa akacheka bila kutaka, kisha akajifuta macho. "Haya, nani atambeba?"

"Mimi nitashika mabegani. Wewe mwanawe shika miguuni. Nitakuonyesha."

Kulikuwa na turubai ambalo shangazi alilishonea mikanda pembeni kwa ajili ya kumwinulia babu. Asubuhi ya mazishi tulimlaza juu yake, tukainua kwa pamoja. Hata hatujafika mlangoni, baba mkubwa alikuwa amelowa jasho.

"Mdogo wangu alikuwa anafanya hivi peke yake?"

"Kila siku," fundi viatu akajibu. "Tulia, mguu wa kushoto unaning'inia."

Kanisani mchungaji alisimamisha ibada mpaka tukamfikisha babu mbele. Tulimwinua hadi usawa wa jeneza. Akauweka mkono wake mzima kwenye paji la uso la binti yake, akauacha hapo.

"Asante, mama," alisema. Kanisa zima lilimsikia. Kisha akaomba tumsogeze kando ili wengine nao waage.

Makaburini hatukumteremsha garini. Tuliuacha mlango wazi aone. Baba mkubwa alitupa udongo wake, akarudi kukaa naye, akamshikia chupa ya maji. Kwaya iliimba, jeneza likashushwa, mchungaji akaomba. Vijana walifukia kaburi, wanawake wakaweka maua. Watu walipoanza kutawanyika, babu aliomba tumpe muda kidogo. Tukasubiri mpaka aliposema twende.