Kofia za Kuluthumu na Hesabu ya Jaafar

Kuluthumu binti Badawi alizaliwa Lamu, akaolewa Malindi, akafiwa na mume angali kijana. Tangu hapo alikula kwa sindano. Alishona kofia za mkono, na kofia moja ilimchukua mwezi na zaidi. Mtaani kwake Shela, hapo Malindi, watu waliutambua mshono wake bila kuuliza.

Mwaka wa themanini na mbili chuo kikuu kilipofungwa baada ya jaribio la mapinduzi, Jaafar, mtoto wa dadake aliyemwita khalati, alikuja kukaa naye. Alikuwa akisomea uchumi. Mwenzake wa darasani, Ndirangu, alikuwa amepata kibarua cha kufundisha pale Malindi, na kila alasiri walikaa barazani wakibishana. Kuluthumu alikuwa ndani, mlango wazi, akishona na kusikiliza.

"Thamani ya kitu ni kazi iliyotiwa ndani yake," Jaafar alisema. "Mtazame khalati. Uzi ni kazi ya watu, kitambaa ni kazi ya watu, kisha mkono wake. Jumlisha, bei itatokea."

"Na asipopatikana wa kuitaka?" Ndirangu akauliza. "Mimi hesabu yangu inaanza na mnunuzi."

Kuluthumu hakuyafuata yote, lakini alielewa kwamba Jaafar anamtetea. Hakuna aliyewahi kusema kwamba macho yake na shingo yake vimo ndani ya kofia. Alifurahi.

Siku moja Gharib, mwenye duka aliyezoea kununua kofia zake, alizikataa. "Usinione vibaya, dada. Zimekuja za mashine, na watu wanazipenda. Ukitaka, nitachukua zako kwa bei ya zile."

Kuluthumu alirudi nyumbani moja kwa moja, akawakuta Jaafar na Ndirangu barazani. "Jaafar, mwanangu, nenda ukamsomee Gharib ile hesabu yako."

"Khalati, hesabu haisemi kazi yako wewe. Inasema kazi inayohitajika kwa kawaida, kwa vyombo vya siku hizi. Ikiwa mashine inamaliza kofia kwa nusu saa..."

"Mwezi wangu ni nusu saa?"

Jaafar akageuka kwa Ndirangu, kama anayetafuta pa kushika. "Lakini kazi ya ustadi ina uzito zaidi. Tuizidishe."

"Uizidishe mara ngapi?" Ndirangu alijibu kwa upole. "Utaijua kwa kutazama bei, na bei ndiyo unayoitafuta." Hakuonekana kufurahia kushinda.

"Nilidhani hesabu iko upande wangu," Kuluthumu alisema.

"Mimi niko upande wako, khalati."

"Najua. Wewe uko."

Jaafar alikwenda dukani hata hivyo. Gharib alimsikiliza hadi mwisho, akamkaribisha kahawa, akasema naye ana watoto. Bei haikubadilika.

Chuo kilipofunguliwa mwaka uliofuata, Jaafar aliondoka. Kuluthumu alishona kwa muda kwa bei ile, kisha akashindwa kujikimu. Jirani mmoja akamtafutia kazi ya kufua mashuka kwenye hoteli ya Kikambala, akapanga chumba huko.

Likizo ilipofika Jaafar alimfuata. Alimkuta akitoka langoni na wanawake wengine, vidole vimechubuka kwa sabuni.

"Shikamoo, khalati."

"Marahaba. Masomo?"

"Yanaendelea. Bado tunabishana mambo yale yale."

"Na mmefika wapi?"

Jaafar akampokea mfuko wake, wakatembea hadi chumbani.