Uso wa Sitini na Tatu

Nakumbuka, mwanangu, sanduku la mbao lililoshuka na treni ya kutoka Kaliua, limefungwa kwa kamba ya katani na kuandikwa jina langu kwa mkaa. Nilikuwa nimelisubiri siku tisa. Nililipokea pale stesheni ya Mpanda kama mtu anayepokea mzaliwa wake wa kwanza, nikalifunga kwenye keria ya baiskeli ya kuazima, nikaenda nalo Kasokola huku napiga mluzi. Laiti ningejua kilichokuwa ndani, ningelirudisha kwenye behewa kabla treni haijageuza.

Lakini acha nirudi nyuma kidogo, maana mzee akianzia katikati vijana hupotea.

Ilikuwa miaka ya sabini, nami nilikuwa na miaka ishirini na moja. Shule niliiacha darasa la tano. Sikufukuzwa, wala sikuwa mzito wa kichwa. Ni miguu yangu tu iliyokataa dawati. Nilitangatanga Urambo, Kigoma, Tabora, na popote palipokuwa na kitu cha kuangalia nilisimama nikakiangalia mpaka wenye nacho wakaniuliza nimepoteza nini. Tabora nilipata malazi ya miezi minne kwenye gereji moja, na humo nikakuta kitabu kikubwa cha picha za pikapu za Kimarekani, mwaka baada ya mwaka. Kiingereza sikukijua, lakini picha na namba hazina mkalimani. Michoro ya vyuma vya chini nayo niliifuata kwa kidole mpaka ikaniingia. Nikakariri kitabu kile kama wenzangu walivyokariri katekisimu.

Ngoja nikupe kidogo, kwa zile za kampuni moja niliyoipenda kuliko zote. Pikapu ya hamsini na saba ilikuwa na macho mawili. Mwaka uliofuata ikaamka na macho manne, mawili kila upande, kana kwamba imeazima ya jirani. Sitini ikatobolewa matundu mawili mapana kwenye boneti, ikafanana na kiboko anayechungulia pale mto Katuma. Sitini na mbili macho yakarudi mawili, matundu yakazibwa. Sitini na nne kioo cha mbele, ambacho zamani kilijikunja mpaka ubavuni, kikanyooshwa. Sitini na nane zikaongezwa taa ndogo za pembeni, na zile za sabini na tatu mlango ukapanda mpaka ukala kipande cha paa.

Yapo pia mabadiliko yasiyoonekana ukiwa umesimama. Kuanzia sitini mpaka sitini na mbili, miguu ya mbele ya pikapu hizo ilishikiliwa na fimbo ndefu za chuma zilizolala chini ya gari. Gari likiingia shimoni, fimbo inajipinda na kujirudisha. Kuanzia sitini na tatu fimbo zikaondolewa, zikawekwa springi za kuzunguka, zile zinazofanana na nyoka aliyejiviringisha. Hilo nalo nililijua vizuri. Nililijua vizuri mno, na ndilo lililoniadhiri.

Nilipofika Mpanda, mji mzima ukaanza kuniita Kalenda. Gari likitokeza mbali, watu wananiuliza, "Kalenda, ya mwaka gani ile?" Nami najibu kabla vumbi halijatua. Dau lilikuwa chai na mandazi, na sikumbuki kushinda njaa mwaka ule. Sifa ni tamu, mwanangu, lakini hazikuambii zinakupeleka wapi.

Sasa, Kasokola palikuwa na mama mmoja mjane, Mama Veronika, mzaliwa wa Mpimbwe, mkulima hasa. Marehemu mumewe alimwachia baiskeli moja na pikapu ya bluu yenye usukani wa kushoto, iliyotoka Kongo ikavuka ziwa mpaka Kigoma. Mkwe wake Dominiko, mume wa Veronika, ndiye aliyeiendesha pikapu, na alikuwa ameanza kuiendesha mwaka uleule. Kiangazi kile moto wa nyika uliteketeza maghala ya kijiji cha kaka wa Mama Veronika huko Mpimbwe. Hakuna aliyeungua, ashukuriwe Mungu, lakini mbegu ya mpunga yote ikawa majivu. Kaka mtu, Mzee Rafaeli, akatuma neno: tuna mashamba, tuna majembe, hatuna mbegu.

Mama Veronika akazunguka Kasokola na Misunkumilo nyumba kwa nyumba, debe hapa, nusu debe pale, mpaka akapata magunia tisa. Muda haukuwa wa kuchezea. Mvua ilikuwa karibu, na mto Kavuu ukishajaa, njia ya Mpimbwe inafungwa. Mbegu itakayofika baada ya hapo itakuwa chakula cha panya. Magunia yakapakiwa. Pikapu ikatoka uani, ikaingia kwenye shimo la kwanza, mguu wa mbele wa kushoto ukalala chini kama ng'ombe aliyechoka.

Wakaniita.

Nilifika na shati jeupe na suruali ya bugaluu iliyofagia njia. Dominiko alikuwa ameshatandika gunia tupu chini ya gari.

"Kalenda, tuingie tuangalie kilichovunjika."

"Ingia wewe, shemeji. Mimi gari nalisoma nimesimama."

Nikalizunguka mara moja. Macho mawili. Kioo kimejikunja. Wavu wa mdomoni ni ule wa sitini na tatu, ningeutambua hata usingizini. Nikatangaza mbele ya majirani, "Sitini na tatu hii. Springi imekatika. Tutaagiza Tabora."

Dominiko akaongea kutoka chini. "Mbona huku naona chuma kirefu ndicho kimekatika?"

"Hicho ni cha kushikilia bodi. Achana nacho."

Mama Veronika alikuwa amekaa kwenye kigoda anapeta. Akasimamisha ungo. "Kijana, hilo gari mimi nime..."

"Mama, haya ni mambo ya kitabuni," nikamkata. "Wewe tuandalie chai tu."

"Haya, mwenye kitabu," akasema, akaendelea kupeta.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yule mama alikuwa amekilalia miaka yote, na mimi nikamtuma chai.

Mbuzi wake wawili wakapanda treni kwenda kwa muuza vyuma wa Tabora niliyemfahamu, ili sanduku lirudi. Siku ya tano mawingu yakaanza kukaa upande wa Rukwa. Siku ya saba manyunyu. Siku ya nane akafika mtu wa Mpimbwe kwa baiskeli, akasema wameshalima, kila siku watu wanatazama barabara. Mimi nikamwambia asiwe na wasiwasi, springi iko njiani.

Basi, siku ya tisa ndiyo ile ya mluzi. Sanduku likafunguliwa mbele ya majirani walewale. Springi mbili nzito, zinang'aa grisi. Dominiko akachukua moja akaingia nayo chini. Nikasikia chuma kikigonga chuma.

"Kalenda."

"Naam."

"Hii inakaa wapi?"

"Kwenye kiti chake."

"Njoo unionyeshe hicho kiti."

Ndipo nilipoinama kwa mara ya kwanza, mwanangu. Nililala chali na shati langu jeupe kwenye udongo wa Kasokola, nikatazama. Kiti cha springi hakikuwepo, wala hakijawahi kuwepo. Fimbo ndefu ya chuma ilikuwa imekatika vipande viwili, kama muwa. Sitini na mbili.

"Lakini uso ni wa sitini na tatu!" nilipiga kelele nikiwa huko huko chini.

Nikasikia Mama Veronika akicheka. Alicheka mpaka mchele wa ungoni ukamwagika, kuku wakaukimbilia.

"Nani kakwambia uso ule ni wake? Wa kwake ulibaki kwa nyati! Tulikuwa tunatoka Sitalike, mimi nimekaa hapo mbele nimepakata jogoo, nyati huyo katokea kichakani. Marehemu akaenda kuchukua uso wa gari jingine lililokufa Sumbawanga, akaufunga hapo. Ungeniacha nimalize sentensi moja tu siku ile, mbuzi wangu wangekuwa bado wanakula majani."

Majirani wakacheka naye. Halafu kicheko chake kikaisha, na akaja kuchuchumaa karibu na miguu yangu, maana kichwa changu kilikuwa bado kimejificha chini ya gari.

"Sikiliza, mwanangu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe ulikuwa unalinda shati. Kitabu chako sikitukani, kimesema kweli. Lakini kitabu hakikuwa na sisi siku ya nyati. Mimi nilikuwepo. Na kaka yangu ana watu wameshika majembe wanatazama barabara."

Hakupaza sauti. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Nitakwambia ukweli ambao si mtamu. Treni ilikuwa inaondoka kesho yake asubuhi, na mfuko wangu haukuwahi kuwa mzito. Nimeondoka miji mingi kwa aibu ndogo kuliko ile. Nililala pale chini nikaisikia treni ile kichwani kabla haijapiga honi. Lakini kila nilipojiona nimeketi ndani ya behewa, niliona pia wale watu wa Mpimbwe na macho yao barabarani. Nikatoka, nikajipangusa bila mafanikio, nikasema, "Mama, ile baiskeli ya marehemu bado ina hewa?"

Magunia tisa, baiskeli tisa. Dominiko, mimi, na wanaume saba wa Kasokola. Gunia la mpunga kwenye baiskeli halipandwi, linasukumwa. Bega moja kwenye gunia, mkono mmoja kwenye usukani. Tulitumia siku tatu. Mbung'o walitunyonya mpaka tukaacha kuwahesabu, na pale walipovuka nyati tulisimama kwa adabu zote. Njia nzima wenzangu hawakuniacha.

"Kalenda, hii baiskeli yangu ya mwaka gani?"

"Usimuulize, ataagiza pedali Tabora!"

"Kalenda, yule nyati pale mbele ni wa sitini na ngapi?"

"Nyie endeleeni tu," nikawa nawajibu, "zamu yangu itafika." Na jioni ya siku ya pili nikajikuta nacheka pamoja nao. Mtu akishacheka kosa lake mwenyewe, limebaki nusu.

Kavuu tuliukuta umefika kiunoni na bado unapanda. Tukavusha magunia kichwani, moja moja. La kwangu lilikuwa la mwisho. Katikati ya mto nikakanyaga jiwe lenye utelezi, nikaanguka, gunia likazama nami. Dominiko alilidaka, tukalitoa, lakini mbegu ilikuwa imelowa mpaka katikati. Nilikaa ukingoni mwa mto nikakamua shati langu. Nimechelewesha magunia tisa, na sasa moja nimeliua.

Mzee Rafaeli alikuja kutupokea na watu wake. Nikamwendea nimeinamisha kichwa, nikamwambia, "Shikamoo mzee. Nisamehe, gunia hili limelowa, limeharibika."

Akaingiza mkono ndani, akatoa kiganja cha mpunga, akanitazama kwa mshangao.

"Marahaba. Nani kakwambia limeharibika? Kijana, mpunga huwa tunauloweka kabla ya kusia. Umetupunguzia kazi. Hili tunalisia leo leo, hayo manane yasubiri."

Watu wa Kasokola walianguka kwa kicheko. Kwa mara nyingine nilikuwa nimetoa hukumu kabla ya kuuliza! Usiku ule mvua ilinyesha kweli kweli, na kesho yake Kavuu haukuvukika. Tulikaa Mpimbwe wiki nzima, tukisia mbegu na kula samaki, na wala sikuitamani treni.

Pikapu ile nayo haikufa. Dominiko na fundi mmoja wa Mpanda waliifungia springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, zilizotoka kwenye lori bovu, ikatembea tena miaka mingi. Mwili wa sitini na mbili, uso wa sitini na tatu, miguu ya lori. Katika kitabu changu hakuna mwaka wa namna hiyo.

Nilirudi kuzurura, maana miguu haikubadilika. Siku moja, baada ya miaka mingi, nikapita tena Kasokola. Mama Veronika alikuwa amezeeka, lakini ungo ulikuwa mkononi. Kwenye kona ya baraza palikuwa na mtungi wa maji, umekaa imara bila kuyumba, juu ya springi yangu ya sitini na tatu. Ya pili ilibeba mtungi wa Veronika, nyumba ya pili. Akanichotea maji kwa kata.

"Kunywa, Kalenda. Hayo ndiyo maji ya mbuzi wangu."

Nikanywa. Sijawahi kunywa maji matamu kama yale.

Basi, mwanangu, soma. Kariri miaka, kariri picha, ujue vitu vingi kuliko mimi. Sikukatazi, maana mtu asiyetaka kujua ni mzigo kwa wenzake. Lakini nyumba njema si mlango. Ukikutana na kitu au mtu ambaye uso wake unaufahamu, usikimbilie kumtaja mwaka. Muulize kwanza aliyeishi naye, hata kama ni mama anayepeta mchele na hajawahi kushika spana, kisha mwache amalize sentensi yake. Ukipaswa kuinama, inama mapema, shati litafuliwa. Na ukikosea, kama mimi nilivyokosea, usitafute treni. Tafuta baiskeli, ubebe ulichochelewesha.

Mungu akupe macho ya kuona vizuri na kiuno kisichoona haya kuinama. Akupitishe mito yako kabla haijajaa. Na hata kosa lako, siku ya siku, likuletee mtungi wa maji baridi.