Faili la Siku ya Saba

Mtu wa kwanza kufika ofisini kwetu kila siku alikuwa karani. Nilipoanza kujitolea pale, baada ya kumaliza chuo na kukaa nyumbani Maisaka mwaka mzima nikituma barua za kuomba kazi, nilimkuta na utaratibu wake. Anafungua dirisha, anafuta meza kwa kipande cha kitenge, anawasha kompyuta, anaandika neno lake la siri kwa kidole kimoja, kisha anakwenda kuchemsha chai wakati kompyuta inaendelea kuamka. Sote tulimwita Mama. Nilimwamkia shikamoo akiwa amenipa mgongo, naye akaitikia marahaba bila kugeuka, kwa kuwa alishazijua hatua zangu.

Ofisi ni ya ushirika wa wakulima, hapa mjini Babati. Mbegu zikifika, wakulima huitwa kwa zamu, upande kwa upande, waje kuzichukua. Zamani Mama aliandika meseji hizo moja moja kwenye simu. Mimi nikatengeneza programu inayosoma orodha ya wakulima na kutuma meseji yenyewe. Kila inachofanya inakiandika mstari kwa mstari kwenye faili la kumbukumbu: saa, namba iliyotumiwa, imetumwa au imegoma, na akaunti ya nani ilikuwa wazi. Kila siku faili lake. Kompyuta ilikuwa kuukuu, mafaili yakajaa hadi ikaanza kukwama, kwa hiyo nikaongeza amri fupi: kompyuta ikiwashwa asubuhi, faili lolote lililotimiza siku saba lifutwe. Nakumbuka nilijisikia fundi kweli siku ile.

Mama alitaka kuelewa mashine inawezaje kutuma bila mtu. Nikamwambia unaipa kazi sasa, nayo inaifanya kwa saa yake, hata kama wewe umeshatoka. Akacheka, akasema basi ni sawa na kubandika maharage jikoni na kwenda zako shambani. Nilikubali. Ningejua maelezo yale yatakuja kutumika wapi, nisingekubali.

Jumanne moja, meneja akiwa safarini Arusha, Mama aliletewa habari za msiba kwa jirani yake huko Nakwa. Hakukuwa na mtu wa kumwomba ruhusa. Alijifunga kanga, akaniambia nimshikie ofisi, na akiuliza mtu niseme ametoka kidogo. Ilikuwa yapata saa saba mchana. Kompyuta aliiacha wazi kwa akaunti yake, kama ilivyokuwa siku zote, maana ilikuwa moja tu na sote tuliitumia.

Nikakaa kwenye kiti chake kujaribu marekebisho fulani ya programu. Kwa ajili ya jaribio niliandika meseji: fika ofisini Alhamisi saa mbili asubuhi kuchukua mbegu. Mbegu hazikuwepo; niliandika maneno yaliyonijia kwanza. Ilitakiwa iende kwenye simu yangu peke yake. Ili baadaye niutambue mwanzo wa jaribio ndani ya faili la kumbukumbu, niliweka neno "jaribio" na jina langu. Nikabonyeza. Ilikuwa saa nane na dakika kumi. Simu yangu, iliyokuwa mezani mbele yangu, haikulia.

Nilipofungua faili, chini ya jina langu mistari ilikuwa inashuka: imetumwa, imetumwa, imetumwa. Nilikuwa nimesahau kubadilisha orodha. Ilikuwa ile ya wakulima wa upande wa Dareda, wote.

Watu wakisikia kisa hiki hudhani kosa langu lilikuwa kubonyeza. Mimi narudi zaidi kwenye muda uliofuata, tangu mchana ule hadi Alhamisi asubuhi. Nilikuwa na siku moja na nusu ya kutuma meseji ya pili ya kuwaambia wasije. Niliiandika kabisa. Kisha nikaanza kuwaza. Meseji mbili zinazopingana zitawachanganya. Meneja atauliza ya kwanza ilitoka wapi. Yeye alikuwa ameshanidokeza kwamba programu ikienda vizuri ataniombea ajira. Nikajiambia huko mtandao husumbua, pengine hazikufika. Nikaifuta. Mama aliporudi jioni akaniuliza kama kumetokea lolote, nikamwambia hapana.

Alhamisi walikuja. Walikaa kwenye kibaraza na chini ya ukuta wa jirani, magunia matupu yamekunjwa kwapani. Bibi mmoja alinisogezea simu yake ndogo hadi karibu na uso, akasema kwa lafudhi ya kwao, "Soma, wewe uliyesoma. Si mmetuita?"

Nikasoma maneno yangu kwa sauti. Mama alisimama mlangoni akiwaomba radhi, mmoja mmoja, wakubwa kwa shikamoo, na kuwagawia chai mpaka birika likaisha. Kwa waliolalamika sana alisema, "Ni sisi tumekosea." Mimi nilijifanya natafuta kitu kabatini.

Meneja alirudi mchana huohuo na kutuita wote wawili. Alikuwa ameshapata taarifa kutoka kwa kampuni inayotusafirishia meseji: siku, saa, akaunti ya karani. Alimuuliza Mama alikuwa anafanya nini saa nane ile. Nilisubiri aseme alikuwa msibani. Angesema hivyo angejitia kwenye kosa lingine, la kuacha ofisi bila ruhusa, lakini la meseji lingemtoka. Aliangalia vidole vyake.

"Labda ni mimi," alisema. "Kuna kitu nilibonyeza mapema. Hii kompyuta unaipa kazi sasa, inaifanya saa yake."

Yalikuwa maneno yangu, karibu yote. Meneja akanigeukia, akauliza kama jambo hilo linawezekana. Nikajibu kwamba kitaalamu linawezekana.

Aliniagiza ripoti. Bodi ilikuwa inakutana Jumatano inayofuata, na moja ya mambo yake lilikuwa mkataba wa Mama uliokuwa unaisha mwezi ule. Alisema baada ya fedheha hii hajui kama watamwongezea. Ijumaa nikaandika: "Ujumbe ulitumwa Jumanne saa nane na dakika kumi mchana kupitia akaunti ya karani." Niliisoma sentensi hiyo mara nyingi nikitafuta uongo ndani yake, sikuuona. Nilikuwa nimeutumia ule mtindo tuliofundishwa shuleni wa kuandika taarifa, jambo linafanyika na mfanyaji hatajwi. Ulitumwa. Nikatia sahihi.

Kisha nikaanza kuhesabu. Faili la Jumanne, lenye jina langu juu ya mistari yote ile, lingetimiza siku saba Jumanne inayokuja. Siku hiyo Mama angefungua dirisha, angefuta meza, angewasha kompyuta, na kwa mkono wake angefuta kitu pekee kilichoonyesha kwamba hakuhusika. Nilikuwa nimeyapanga hivyo miezi mingi kabla, bila kumfikiria mtu yeyote.

Jumamosi nilijiambia kumwambia meneja kwa simu ni kukosa adabu. Jumapili, kanisani, mhubiri alizungumzia mambo mengine kabisa na mimi nikasikia ananisema mimi. Jumatatu Mama alileta maandazi yamefungwa kwenye gazeti na kunibakizia mawili, akaniuliza mbona nimekonda. Alipotoka kuchota maji nilifungua faili. Jina langu lilikuwepo. Kulinakili kwenye kifaa changu kungechukua muda mfupi kuliko kumeza andazi. Nikalifunga. Nikajiwekea ahadi kwamba kesho nitafika kabla yake, niwashe mimi, nizuie ile amri, nichapishe faili na kulipeleka kwa meneja. Sijui kama niliweka ahadi ile ili niitimize au ili nipate kulala.

Jumanne nilitoka Maisaka kukiwa na ukungu bado, nikachukua bodaboda. Nilipokata kona niliona dirisha la ofisi liko wazi.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Leo umeamka na kuku?"

Kompyuta ilikuwa inawaka. Nikatazama kwenye mafaili ya kumbukumbu. La kwanza lilikuwa la Jumatano. Ningependa kuandika kwamba nilishtuka. Nilichohisi kwanza kilikuwa nafuu, mwilini kabisa, kama mtu aliyetua mzigo, na naona aibu kwa nafuu hiyo kuliko kwa mengine yote.

Mama akaniwekea kikombe cha chai, akavuta kiti kingine na kukaa karibu yangu. Alikuwa na karatasi na kalamu. "Kesho bodi itaniita," alisema. "Wewe unajua maneno ya kompyuta. Nisaidie kuandika kosa langu vizuri, wasione kama najitetea."

Chai ile sikuinywa. Niliinuka nikaingia kwa meneja kabla hajavua koti, nikamwambia nilituma mimi. Nikamweleza kuhusu jaribio, orodha, jina langu kwenye faili. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akaomba nimwonyeshe hilo faili. Nikamwambia limefutwa asubuhi hiyo. Akatoa ripoti yangu kwenye droo.

"Ulipokuwa na faili uliandika hivi," alisema. "Sasa huna faili unasema vile. Una huruma, kijana. Lakini bodi nitaipelekea hii yenye sahihi yako."

Nikasema siyo huruma. Akamwita Mama, akamuuliza mbele yangu kama ni kweli. Mama alinitazama kwa uso ambao nimeufikiria kila siku tangu hapo.

"Usijichafue kwa ajili yangu, mwanangu," alisema. "Wewe bado kijana."

Sijui kama alijua. Alikumbuka vizuri kwamba alipokwenda Nakwa mimi ndiye niliyebaki. Huenda aliunganisha mambo tangu Alhamisi, akaamua. Huenda aliamini kweli kwamba mashine ilimngoja aondoke ndipo ifanye aliyoipa. Nimewahi kuanza kumuuliza mara mbili, na mara zote mbili nikaishia kumuuliza habari za nyumbani.

Bodi haikumfukuza. Ilimwongezea mkataba, lakini si wa ukarani. Ilimpeleka ghalani, nyuma ya ofisi, kupokea na kupanga magunia. Ajira ya kukaa kwenye kompyuta nilipewa mimi. Mto mdogo alioushona mwenyewe aliuacha kitini, akasema kiti kile kinaumiza mgongo. Ile amri ya siku saba niliiondoa. Mafaili yanajazana tena, kompyuta inakwama, na wakinilalamikia nawaambia wasubiri.

Kila asubuhi Mama hupita ofisini kusaini daftari la mahudhurio, lililo mezani karibu na kompyuta. Sasa mimi ndiye ninayefungua dirisha. Namwamkia, anaitikia, anasaini. Wiki iliyopita kioo cha kompyuta kilikuwa kimezimika chenyewe, nami mikono yangu ilikuwa na maji, nikamwomba anibonyezee kitufe chochote kiwake. Alirudi hatua moja, akaipeleka mikono yake nyuma ya mgongo na kuishikanisha, kama mtoto dukani penye vyombo vya udongo.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Nisije nikatuma kitu."